Boti Tupu ya Kwenda Makunduchi

Kila ninayekutana naye ananiuliza swali moja: Bi Salma, ilikuwaje ukatumia siku tatu kwenda Makunduchi, mahali ambapo mtu hunywa chai mjini akala chakula cha mchana kule? Nshachoka kusimulia vipande vipande. Huyu nimempa mwanzo, yule nimempa kisa cha askari, na wengine wifi yangu Rukia keshawalisha uongo wake. Basi yote haya hapa, hatua kwa hatua, na Rukia akikataa mniite nije tuapishwe sote wawili.

Kwanza mjue safari ilikuwa ya nini. Mama yangu, Bi Kidawa, analima mwani Makunduchi tangu mimi mtoto wa chuo cha Kurani. Mwani mnene, ule unaotakiwa na wanunuzi, siku hizi haustahamili maji ya karibu na pwani. Maji yamekuwa moto, mbegu inalainika na kukatikia mkononi. Mwaka jana mama alipoteza shamba zima. Safari hii yeye na wenziwe waliamua kupanda mbali zaidi, kwenye kina, na huko hakufikiki kwa miguu, panataka boti. Mbegu waliyoiokoa waliifunga kwenye maji madogo, ikawa inasubiri. Na mwani hupandwa wakati wa bamvua tu, siku zile chache maji yanapokupwa mpaka mbali kabisa. Bamvua likipita boti haijafika, ile mbegu ndiyo basi.

Mama alinambia wazi, tena kwa sauti yake ya kawaida. "Na hii ikifa, Salma, mimi na bahari tumeachana. Nakuja kukaa kwako mjini."

Mtu mwengine angefurahi. Mume wangu alianza kumtafutia kitanda; mimi nlikosa usingizi. Nampenda mama, lakini namjua, na mwanamke yule ukimweka ghorofani Mkunazini achungulie watu dirishani, atanyauka mbele ya macho yako.

Boti ilikuwa tayari, ila mashine yake ilikuwa haijaja na upepo wa kusi ulikuwa umekaza, kwa hiyo kuizungusha kwa baharini ilikuwa haiwezekani. Ndipo ikatajwa pikapu yangu, hii hii mnayoniitia kubeba viti na maturubai ya harusi.

Malindi mpaka Kidichi

Trela la kubebea boti lilikuja kwa meli ya mizigo, na siku ile lilikuwa nyuma ya mlima wa magunia ya vitunguu. Tulisubiri bandarini Malindi, hapa hapa mjini, mpaka magunia yote yaondoke. Rukia alikuwa na mkate wa kumimina na chupa ya chai ya tangawizi, akawagawia wachukuzi mpaka mimi nikapata ukingo tu.

Trela lilipotoka, mchukuzi mmoja mtu mzima aliizunguka pikapu yangu, akainama kuchungulia chini, akainuka.

"Bi, hii gari ya mbio. Ya kuvutia mizigo siyo."

"Nimekuuliza?" nikamwambia. Mnanijua mimi, gari yangu haisemwi mbele yangu.

"Hujaniuliza," akasema, na akanisaidia kufunga trela bila ya kinyongo.

Kumbe kulivuta trela ni jambo moja na kulirudisha nyuma ni jengine. Ukikata usukani kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Malindi nzima ilisimama kunielekeza. Huyu kata huku, yule kata kule, na mzee mmoja mwenye tasbihi akipiga bodi kwa kiganja na kusema "njoo, njoo, njoo" hata trela lilipokwisha kugusa ukuta. Mwishowe nikashuka, wanaume wanane wakalinyanyua trela wakaligeuza kwa mikono, mambo yakaisha.

Safari ya Kidichi ilikuwa tamu. Trela tupu linaruka nyuma, Rukia anaimba, mimi naendesha kwa kidole kimoja.

Fundi wa boti, Ami Seif, anaunda vyombo vyake huko kwenye mashamba ya viungo, mbali na bahari, kwa sababu majirani zake wa mjini walilalamikia harufu ya faiba. Tulimkuta kakaa ndani ya boti anakunywa kahawa. Boti yenyewe ilikuwa nzuri, pana, chini bapa, nzito, ya mbao iliyovishwa faiba, imepakwa rangi ya kijani. Ilipandishwa kwenye trela kwa magogo na watu wa mtaa mzima, na nikadhani tumemaliza.

Hatujamaliza. Mamake Ami Seif, bibi mdogo wa umbo, alitoka ndani na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda Makunduchi na chombo kitupu? Mtilie humo mdogo wangu mkungu wake, mwambie namsalimu."

Nani atamkatalia? Nikautia. Nyuma yake akaja jirani na mafenesi mawili, maana dada yake kaolewa huko. Akaja mwengine na gunia la muhogo. Gunia la mkaa. Shokishoki pakacha zima. Vifuu vya nazi, sijui vya nini. Kila mtu anaweka chake taratibu pembeni, anasema kadogo tu haka, anaondoka. Rukia alikuwa anapokea na kupanga kama muhudumu wa meli. Nlipoangalia tena, boti ilikuwa imejaa mpaka kwenye mabao ya kukalia.

Mlima wa kutokea shambani

Kutoka kwa Ami Seif mpaka barabara ya lami kuna njia ya udongo inayopanda. Wakati wa kwenda nlikuwa sikuiona hata kama ni mlima.

Nikatia gia ya kwanza. Gari ikanguruma, ikasogea, ikapanda kidogo, ikaanza kutetemeka. Nikakanyaga mafuta. Ikasimama. Mara nikaanza kusikia harufu, na Kidichi ile yenye mikarafuu na midalasini yote ikanuka klachi.

"Wifi," Rukia akasema, "tunarudi nyuma."

Kweli tulikuwa tunarudi, polepole, na ile boti ikituvuta. Watu wakakimbia na mawe, wakayasukumiza chini ya matairi ya trela. Mtu mmoja alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akasimama, akaitazama boti juu ya mlima, akanitazama na mimi.

"Dada, bahari iko upande wa pili," akasema.

Nlicheka kwa sababu nlikuwa nataka kulia. Bamvua lilikuwa limeshaanza. Mama alikuwa amepiga simu asubuhi kusema mbegu imeanza kubadilika rangi kwenye ncha. Nikalifungua trela, nikaliacha palepale na mawe yake, Ami Seif akasema atalala ndani ya boti kuilinda, na mimi na Rukia tukateremka mjini na gari inayonuka.

Kwa Fundi Mbarouk

Fundi Mbarouk ana gereji yake Mwanakwerekwe, na pikapu yangu anaijua kuliko ninavyoijua mimi. Asubuhi alitusikiliza mpaka mwisho. Aliinua tairi moja la nyuma kwa jeki, jengine akaliacha chini, akachora alama ya chaki kwenye shafti ile ndefu inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Akanambia nizungushe lile tairi la juu mara mbili kamili, maana likizunguka peke yake mbili ni sawa na moja ya yote mawili, huku yeye anahesabu.

"Tatu na nusu," akasema. "Shafti inazunguka mara tatu na nusu ndipo gari inatoa mzunguko mmoja. Hiyo ni hatua ndefu. Wewe ukiwa mikono mitupu unakwendaje?"

"Naachia hatua."

"Na ukiwa na ndoo ya maji kichwani?"

"Nafupisha."

"Ndiyo difu hiyo, yale meno ya nyuma yanayozungusha matairi. Umeipa ndoo kichwani na unataka iruke madimbwi."

Alikuwa na difu mbili kwenye benchi, zote zinaingia kwenye gari yangu. Moja ilikuwa nne na kidogo. Ya pili ilikuwa inakaribia tano. Ile ya kwanza, alieleza, itavuta kiasi na bado nitaweza kukimbia uwanja wa ndege nikihitajika. Ya pili itavuta ukuta wa Ngome Kongwe, lakini kwenye barabara nyoofu injini italia na mafuta yatakwenda.

Nikaichagua ya kwanza papo hapo. Maisha yangu ni harusi, na harusi ni mbio.

"Uzito gani mzigo?" akauliza.

"Boti na trela lake, kama tani mbili."

"Na ndani ya boti?"

"Tupu."

Rukia akakohoa. Fundi Mbarouk akamgeukia, na yule bila haya akamtajia: ndizi, mafenesi, muhogo, mkaa, shokishoki, vifuu.

"Si mvishushe tu?" akasema Fundi.

Nikamuuliza taratibu, "Nimshushie ndizi zake mamake Ami Seif? Nimwambie nini?"

Fundi akafikiri, akafuta mikono kwa kitambaa. Yeye mwenyewe mtu wa Muyuni, huko huko kusini. "Hapana," akasema. "Hilo haliwezekani." Kisha akaendelea kuniuliza kama daktari. "Njiani, Tunguu una mtu?"

"Shangazi yangu."

"Anajua kuwa utapita?"

"Keshapiga simu mara mbili."

"Bungi?"

"Nlisoma na mwalimu mmoja wa pale."

"Kitogani?"

Rukia akamjibu yeye: "Kitogani kwetu. Ukoo mzima."

Fundi Mbarouk akaichukua ile difu ya nne na kidogo akaisukuma kwa mguu chini ya benchi, akafungua boksi la spana. Sikubishana. Mwenzenu nimezaliwa kisiwa hiki, nikapiga hesabu ya boti tupu kwenda kusini, sijui akili nliiweka wapi.

Jambo moja alilisisitiza mpaka nikalirudia kama somo. Difu ya mbele ya kufanana nayo alikuwa hana. Kwa hivyo gia ya fowili, ile ya kuendesha matairi yote manne, marufuku. "Ya nyuma yatapiga hatua fupi, ya mbele hatua ndefu. Yatagombana, na kitavunjika kitu." Akaufunga ule mpini kwa kitambaa chekundu ili nisijisahau.

Alimaliza baada ya Alasiri. Tukarudi Kidichi, tukamkuta Ami Seif yuko hai na boti imeongezeka mafenesi. Nikafunga trela, nikatia gia ya kwanza, na gari ikaupanda ule mlima polepole, bila kutetemeka, bila harufu, kama bibi anapanda ngazi za nyumba yake. Watu wa pale wakapiga makofi. Nlisikia raha ambayo sijaisikia tangu siku nlipopata leseni.

Usiku tulilala kwa Ami Seif, tukalishwa muhogo wa nazi na changu wa kukaanga mpaka tukashindwa kuinuka.

Kidichi mpaka Kitogani

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa ya kufa na kupona. Mama alikuwa amesema: kesho yake ni siku ya mwisho ya kupanda. Boti lazima ielee leo hii maji yakiwa yamejaa jioni, kwa sababu maji ya alfajiri yanajaa gizani na kina mama wale wengi hawajui kuogelea. Tukaondoka mapema.

Barabarani nikaona mshale wa spidi unasema arubaini, nikaona vyema, mwendo wa heshima. Mara tukapitwa na baiskeli. Mtu kapakia matenga ya mikate, hana haraka, anatupita na kutusalimu.

"Wifi," Rukia akasema, "sisi arubaini. Yule ngapi?"

Ndipo nikakumbuka Fundi alisema kitu kuhusu mshale nikawa simsikilizi. Mshale unahesabu shafti, na shafti sasa inazunguka zaidi kuliko matairi. Tulikuwa tunakwenda thelathini, pengine chini ya hapo. Injini inalia juu kwa juu, na sisi tunatambaa.

Karibu na Tunguu askari wa barabarani akatusimamisha. Kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama. Mbona mnakwenda polepole hivi? Gari mbovu?"

"Marahaba. Nzima, afande. Mshale ulikuwa unasema arubaini na tano."

Akaingiza kichwa dirishani kuutazama mshale, akatoka, akaizunguka boti. Nyuma alimkuta shangazi yangu amekaa juu ya bao kwa buibui lake na mwavuli, maana wakati sisi tunazungumza yeye alikuwa keshatoka nyumbani kwake, keshapanda, na godoro lake keshapakia.

"Na huyu bibi ni nani?"

"Ni mzigo," akasema shangazi mwenyewe. "Nenda zako."

Askari alijitahidi asicheke. Akasema mtu hapandi kwenye trela, akakataa katakata, na ikabidi shangazi aje mbele abanane na mimi na Rukia. Godoro likaendelea na safari botini. Kutoka hapo nlikuwa nabadilisha gia kwa kumwomba radhi.

Bungi mwalimu alinipa madawati mabovu manne ya kupeleka kwa seremala wa Makunduchi. Kitogani ukoo wa mume wangu ulikuwa umesimama barabarani kabla hatujafika. Walitulisha chapati na mchuzi wa pweza kwa lazima, na mimi natazama jua. Nlikula nimesimama. Mama mkwe mdogo akaniuliza kama nimekosana na kiti. Nikamweleza habari ya mbegu na maji ya jioni, na hapo hapo akawafukuza wanawe wote kutoka garini, akatutia mikate ya ufuta mikononi na kusema tuondoke. Lakini mbuzi wake alikuwa keshafungwa botini, na hakuna aliyemtaja.

Muyuni

Muyuni tulipunguza mwendo kwenye tuta tu, basi. Wanawake walitokea kila upande na mabakuli na vikapu.

"Dagaa bei gani?" akauliza wa mbele.

"Hatuna dagaa."

"Kibua?"

"Hatuna samaki, dada. Boti tupu."

Akachungulia, akamwona mbuzi juu ya godoro anakula majani ya ndizi. "Tupu," akasema, na wenziwe wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alidhani tunahama, akatupa pole. Nikaitoa gari, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaogopa kweli. Jua lilikuwa limeinama, na ile difu ya nguvu ilikuwa haina habari na haraka yangu. Ningekuwa na difu yangu ya zamani ningekimbia. Ningekuwa na difu yangu ya zamani pia ningekuwa bado Kidichi. Shangazi akaanza kusoma Yasin kwa sauti ya chini na mimi nikamfuatisha.

Makunduchi

Tulifika pwani maji yamejaa na yameshaanza kutoka. Mama alikuwa amesimama mchangani na wenziwe, kanga zimefungwa viunoni, hapungi mkono wala haiti. Nikaingiza gari mchangani moja kwa moja. Ikaenda vizuri, ikaenda, halafu matairi ya nyuma yakaanza kuchimba. Nikaacha mafuta. Maji yalikuwa mbele yangu, nayaona yanavyoacha mchanga umelowa na kurudi.

"Tia fowili," Rukia akasema.

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitambaa chekundu. Niseme ukweli, ulikuwa tayari. Nikiutia na gari ikatoka, tumepona. Nikiutia na kitu kikavunjika, gari na trela na boti vinakaa palepale, na mbegu ya mama inafia mbele yetu. Nikaushika ule mpini.

Mama akafika dirishani. "Zima gari," akasema.

"Mama, maji yanaondoka."

"Nayaona. Zima."

Nikazima. Mama akaigeukia pwani, akaita kwa Kikae, lahaja yao ya Makunduchi, na mji ukaja. Mdogo wake bibi wa Kidichi akaja akachukua mkungu wake bila kuuliza ni upi. Mafenesi yakapata wenyewe. Muhogo, mkaa, madawati, shokishoki, kila kitu kilikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa na mikono. Mbuzi alishuka mwenyewe. Nlichoshindwa kushusha siku tatu nzima, kilishuka kabla sijamaliza kufungua mkanda. Kisha kina mama wakashika kamba, wanaume wakatia magogo chini, na boti, sasa tupu kweli kweli, ikateremka kwenye trela na kupita mchangani mpaka majini. Iliyumba kidogo, ikatulia. Mimi nlikaa chini palepale nikalia, na shangazi akanifuta uso kwa ncha ya buibui.

Asubuhi yake, maji yalipokupwa mpaka mbali, waliondoka na boti kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, wamevaa maboya ya rangi ya chungwa, mbegu imerundikwa katikati chini ya gunia lililoloweshwa. Nlitaka kupanda na mimi. Mama akanikataza, akasema nina uzito wa vifungu viwili vya mwani. Nlikaa pwani na Rukia tukawatazama mpaka wakawa nukta, na saa zile zilikuwa ndefu kuliko siku tatu zote za barabarani.

Waliporudi mama alikuwa amelowa mpaka kifuani, vidole vimejikunja kwa maji. Sikuthubutu kuuliza, nikampa chai. Akanywa yote kwanza.

"Imo?" nikauliza.

"Imo yote. Huko maji ya baridi, Salma, mpaka meno yanagongana." Alikuwa anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona anacheka akitoka majini. Akanirudishia kikombe, akaanza kukamua kanga yake. "Mwambie mumeo kile kitanda alichokuwa ananitafutia, aache."

Nikamwambia nitamwambia. Akachukua kamba zake akaenda kuwafuata wenziwe, na mimi nikarudi garini kumtafuta Rukia tuondoke.